Koja la Mheshimiwa Kathiravan

Kosa lilikuwa langu na la Brayo, na nalisema mapema ili mtu asije akadai nimemzunguka. Sisi wawili ndio tulioivika koja la maua picha ya mtu aliye hai. Tulifanya kwa mapenzi. Lakini usilolijua ni kama usiku wa giza, na sisi tulikuwa gizani mchana kweupe, saa nane, siku ya Ijumaa, tukipiga makofi.

Mimi ni Elkanah, mtu wa Vihiga, dereva wa lori wa kampuni ya usafi hapa Riyadh. Kila wiki napeleka sabuni, mafagio na dawa za sakafu kwenye stoo yetu ya Jeddah, mtaa wa Sharafiya, kisha narudi. Kambi yetu iko Al-Shumaisi, jumba la zamani la ghorofa tatu lenye ngazi zinazonuka vitunguu. Mtunza stoo wetu alikuwa Kathiravan, Mtamil wa miaka sitini na moja, mfupi, masharubu yakipakwa rangi nyeusi kila Alhamisi, shati jeupe lililonyooshwa pasi hata kama anakwenda kuhesabu ndoo. Kiswahili alijifunza kwetu kwa miaka sita, na alikizungumza kama anayehutubia.

Kuhutubia ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kwao Sempanur, kijiji kikavu kusini mwa India, alijiunga na Chama cha Kinu akiwa na miaka kumi na mitano, akibeba ndoo ya gundi ya unga nyuma ya wabandika mabango. Akapanda akawa msemaji wa jukwaani, yule anayewachangamsha watu saa tatu nzima wakati mkubwa wa chama bado yuko njiani anakula. Akafungwa siku kumi na moja kwa kulala kwenye reli wakati wa maandamano ya chama. Akawa katibu wa tawi, na mwishowe diwani, kipindi kimoja tu. Hakuwahi kuwa mtu mkubwa. Alikuwa mtu wa kata, wa kujua nani ameoa wapi, nani hasalimiani na nani, na ni marehemu yupi ambaye jina lake bado liko kwenye daftari la wapiga kura. Alituambia bila haya kwamba katika kata yake wafu walikuwa wakipiga kura asubuhi na mapema, kabla ya walio hai kuamka. Jioni ya kuamkia uchaguzi alikuwa akisimama mbele ya picha ya kila mmoja wao na kumwomba ruhusa. Hakuna aliyewahi kukataa, alisema.

Tabia hiyo ya kata alikuja nayo Shumaisi. Watu mia na ishirini wa kambi yetu aliwajua kwa majina, na mama zao, na maradhi ya mama zao. Krismasi alipita vyumba vyote vya Wakenya akishika mikono yetu kwa mikono yake miwili, Idi akafanya vivyo hivyo kwa Waislamu. Tulimcheka. Lakini binti yangu alipofaulu mtihani wa darasa la nane, mtu wa kwanza kunipongeza alikuwa yeye, na sikuwa nimemwambia. Ndiyo maana tukamwita Mheshimiwa, kwa mzaha mwanzoni, baadaye kwa dhati.

Sasa chama chake kikamteua katibu wa tawi la Riyadh. Tawi lenyewe lilikuwa na wanachama tisa. Hata hivyo uso wake uling'aa wiki nzima, na Brayo, Mkenya mwenzetu wa kambini ambaye hawezi kuona furaha ya mtu bila kuitia mkono, akasema lazima tumfanyie sherehe. Akaenda soko la Batha, akakuza picha ya Mheshimiwa aliyoitoa kwenye simu, akaitia fremu ya rangi ya dhahabu, akanunua na koja la asumini nene kama mkono wangu. Kwetu mtu akihitimu chuo huvishwa taji la karatasi za kumetameta, na picha yake hupambwa vivyo hivyo sebuleni. Tena tulikuwa tumeona video yake ya siku ya kuapishwa udiwani, shingo imezama kwenye makoja. Tukaona shingo na picha ni mamoja. Tukatundika picha ukutani kwenye chumba cha kulia, tukaivika koja, na kwa kuwa mishumaa ya keki ilikuwepo tukaiwasha chini yake.

Aliingia na Watamil wawili wa ghorofa ya kwanza. Tukapiga makofi. Wale wawili wakavua viatu mlangoni, wakakutanisha viganja, na mmoja akaanza kulia. Alikuwa akiitazama picha. Mwenye picha alikuwa amesimama kando yake, bega kwa bega, na hakumtupia jicho hata mara moja.

Mheshimiwa aliketi sakafuni. Akaniuliza saa ngapi, nikamwambia saa nane na dakika kumi. Akatoa kidaftari mfukoni akaandika. Kisha akatueleza polepole, kama mtu anayefundisha watoto, kwamba kwao koja shingoni mwa mtu aliye hai ni heshima, na koja kwenye picha ni la maiti. Hakuna la katikati. Niliruka kulitoa, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Usiguse, thambi," alisema. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita, maana yake mdogo wangu. "Likishavikwa, mke tu ndiye anayeweza kulivua."

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Lakini Brayo alikuwa ameshaupiga picha ukuta ule, mishumaa na yote, akaiweka kwenye simu yake na maneno "Mheshimiwa wetu milele." Fundi wa simu wa mtaani kwetu ni Mtamil. Akaiona, akaituma kwao, na habari mbaya haihitaji miguu. Simu ya Mheshimiwa ilikuwa chini inachajiwa. Alipoifikia alikuta imepigwa mara arobaini na tatu, na huko Sempanur mabango ya machozi, yale ya kutangaza msiba, yenye picha ya marehemu na majina ya wanaomlilia, yalikuwa yameshabandikwa kutoka kituo cha mabasi hadi kisimani. Mwenyekiti wa wilaya alikuwa amelia mbele ya kipaza sauti.

Alimpigia binti yake, Malarvizhi, mwalimu wa shule ya msingi, mwanachama kama baba. Walizungumza Kitamil kwa muda mrefu. Alipokata simu alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa jambo jema na baya kwa neno moja. Miaka mitatu binti huyo alikuwa akiomba kugombea ile kata ya baba yake, na chama kikimpiga danadana. Sasa mwenyekiti, machozi bado hayajakauka, alikuwa amemtangaza mgombea palepale msibani. Uchaguzi ulikuwa baada ya siku themanini na saba. Malarvizhi alimwambia baba yake kwamba anajua yuko hai na anamshukuru Mungu, ila asubiri. Watu wameshaambiwa amezikwa Jeddah, kwenye makaburi ya wasio Waislamu. Nilimuuliza kuhusu mkewe, Ponnammal, kama naye ameambiwa ukweli.

"Hajui," alisema Mheshimiwa. "Binti anasema machozi ya mama ndiyo kampeni."

Nilikasirika sana. Nilimwambia mtoto wa kumfanyia mama yake hivyo ni wa kuchapwa hata akiwa na miaka thelathini na tano. Yeye akasema siasa ni uvumilivu, na nikamwona, kwa kweli nikamwona, akijivuna.

Wiki iliyofuata kampuni ilimtuma Jeddah kupanga stoo, akapanda lori langu. Tulipoiacha Riyadh nyuma, na barabara ikawa mchanga kulia na mchanga kushoto, akanieleza kwa nini aliandika ile saa.

Katika uchaguzi ule alioushinda, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kulikuwa na nyumba moja yenye kura tisa, zote za mpinzani wake. Mwenye nyumba aliitwa Muthaiah, naye alikuwa Jeddah, mpishi katika hoteli ndogo ya Sharafiya. Kwao nyumba yenye msiba mpya haitoki kwenda popote, hata kupiga kura. Basi siku mbili kabla ya uchaguzi Kathiravan alichapisha bango la machozi la Muthaiah, akalibandika kwa mkono wake mwenyewe, na gundi ileile ya unga. Nyumba ikafunga mlango, ikalia. Picha ikavikwa koja. Kathiravan akashinda kwa kura sita.

Muthaiah alirudi kwao akiwa mzima na hasira. Mwanzoni watu walicheka. Kisha wakaanza kukaa mbali naye kidogo, na mkewe, aliyekuwa ameshavuliwa mkufu wa ndoa kama mjane, hakuweza kumwangalia machoni. Muthaiah akaondoka, akarudi Jeddah kabla mke hajalitoa koja kwenye picha. Akafa Sharafiya, amekaa mezani, siku ya tisini tangu bango libandikwe. Kathiravan alizihesabu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhesabu. Kipindi chake kilipokwisha hakugombea tena, akaja huku.

"Mimi nina siku themanini na tatu zilizobaki," aliniambia. "Nikifika nyumbani kabla, Ponnammal akalitoa kwa mkono wake, nimepona. Nisipofika, halas, imekwisha."

Nilimwambia hayo ni mambo ya kuota. Mimi ni mtu wa kanisa, sikubali kirahisi. Lakini tuliposimama kwenye kituo cha mafuta njiani kunywa chai, mhudumu aliniletea glasi moja tu na kuondoka. Nikamwita nikamwonyesha mwenzangu. Alitazama kiti, akatazama tena, akaomba radhi.

Tuliporudi Riyadh mashine ya basma, ile inayosoma kidole asubuhi, ilimkataa. Nilijua sababu, dawa za sakafu hula ngozi ya vidole na wazee wengi hukataliwa. Msimamizi akamwandika kwa kalamu. Mlango wa supamaketi unaojifungua wenyewe haukumfungukia mpaka nilipokuja nyuma yake. Hilo nalo nililitafutia sababu, kwamba ni mfupi. Lakini lile koja sikulipatia sababu hata moja. Liliendelea kuning'inia kwenye chumba cha kulia, kwenye joto ambalo mkate unakauka kabla haujapakwa siagi, na maua yake yalibaki meupe na mabichi. Wiki mbili, mwezi, miezi miwili. Chumba kizima kilinukia. Wakenya wakaanza kulia chakula vyumbani. Brayo, mwenye maneno mengi kuliko redio, akawa anapita pale ameinamisha kichwa.

Na kila Ijumaa, saa nane na dakika kumi, simu ya Mheshimiwa ililia. Alikuwa Ponnammal. Alikuwa akiipigia namba ya mumewe aliyekufa, bila shaka kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda kulia, kaburi likiwa Uarabuni. Mheshimiwa aliiweka simu mezani akaitazama mpaka ikanyamaza. Alikuwa ameahidi. Mara moja nilinyoosha mkono niipokee, akanitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena.

Likizo yake ilikubaliwa, kafili, yaani mwajiri anayetudhamini, akatia sahihi. Tiketi ilikuwa ya kutoka Jeddah siku ya themanini na nane. Kura zilikuwa zinapigwa siku ya themanini na saba na kuhesabiwa jioni hiyohiyo, kwa hiyo asingevunja ahadi kwa mtu yeyote. Angefika hai, binti akiwa ameshashinda, na mke angenyoosha mkono tu. Aliichukua ile picha ukutani, akaifunga kwa shuka pamoja na koja lake, akaipakia kwenye lori.

Siku ya themanini na saba tulikuwa mkahawani Sharafiya, karibu na stoo, katikati ya maduka ya simu na ofisi za kutuma fedha. Jua lilikuwa bado liko juu. Niliagiza chai mbili. Mhudumu akaleta tatu, akaiweka ya tatu mbele ya kiti kitupu, upande wa ukuta. Nilimwambia tuko wawili. Akasema kwa adabu kwamba mzee wa kando yetu pia alikuwa ameagiza, ameondoka saa ngapi? Mheshimiwa hakushangaa. Aliisogeza ile glasi vizuri mbele ya kile kiti, kama unavyomsogezea mgeni.

Ndipo Malarvizhi alipopiga. Mheshimiwa aliweka sauti ya nje, na alinitafsiria sentensi kwa sentensi, akiwa amenyooka kitini kana kwamba anaonekana.

Binti alikuwa ameshinda kwa kura kumi na nne. Mheshimiwa alifumba macho. Kisha akamuuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Na mimi nilipiga?"

"Ulipiga, Baba. Wa kwanza kituoni. Jana nilisimama mbele ya picha yako nikakuomba ruhusa."

"Nilikubali?"

"Ulikubali."

Alicheka kidogo, kicheko cha fundi anayeona kazi yake imeshikwa na mwanafunzi. Kisha akamwambia kwamba kesho anapanda ndege.   Malarvizhi alianza kueleza taratibu, kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi. Watu walimpigia kura binti wa marehemu. Baba akionekana kituo cha mabasi, watasema walidanganywa, na mpinzani ataenda mahakamani kabla hajafika nyumbani. Asubiri. Mheshimiwa akauliza asubiri mpaka lini. Binti akasema kipindi ni miaka mitano.

Nilimwambia akate. Nilimwambia kura ni yake huyo mtoto lakini roho ni yako wewe, mzee, panda ndege, mkeo anakulilia kila Ijumaa na wewe unasikia. Nilisema kwa sauti hadi watu wakageuka. Hakunisikia, au alisikia. Alikuwa mtu wa chama tangu miaka kumi na mitano, na chama ndicho kilichokuwa kinazungumza naye.

"Sawa, Mheshimiwa Diwani," alimjibu binti yake, na akasimama alipolitamka, kama wanavyosimama wadogo wa chama mbele ya wakubwa wao.

Yeye alibaki stooni, nami nikarudi Riyadh na lori tupu. Siku ya tisini, saa tisa mchana, walinipigia kutoka stoo ya Jeddah. Walimkuta amekaa mezani, kidaftari mbele yake, kalamu mkononi. Ile picha ilikuwa imesimamishwa ukutani, na koja lililokuwa juu yake lilikuwa limeanguka sakafuni, kavu na la kahawia, likavunjikavunjika walipolifagia. Asubuhi ile, waliniapia, lilikuwa bado bichi.

Daktari alisema moyo. Kampuni ilitaka kumpeleka kwao kama inavyotakiwa, jeneza lilikuwa tayari. Malarvizhi aliandika kwa Kiingereza safi kwamba familia haiwezi kupokea maiti ya mtu waliyemlilia miezi mitatu iliyopita, na ikiwezekana azikwe hukohuko. Alikuwa amewaambia watu baba yake amezikwa Jeddah. Basi ikawa kweli. Tulimzika mimi, Brayo na Mtamil mmoja wa stoo kwenye makaburi ya wasio Waislamu. Brayo alikuwa amenunua koja, akalishika mkononi muda wote, hakujua aliweke wapi. Mwishowe akarudi nalo.

Vitu vyake walinipa mimi nivitunze mpaka familia itume mtu. Hakuna aliyetumwa. Ni pasi, mashati saba meupe, chupa ya rangi ya masharubu, kidaftari na simu. Laini ni ya kampuni, haijafungwa.

Ijumaa iliyofuata, saa nane na dakika kumi, ikalia. Niliitazama mara ya kwanza, nikaitazama mara ya pili. Mara ya tatu niliipokea.

 Sijui Kitamil, na hata ningejua, ningemwambia nini. Nilikuwa nahema tu, kwa hofu, na yeye akasikia mtu anahema.  Kisha akaanza kuzungumza, polepole, kwa sauti ya mwanamke anayechambua mchele huku akimpa mumewe habari za nyumbani. Alizungumza kama nusu saa. Kila alipotua niliitikia, "Mm." Kabla ya kukata aliuliza swali fupi akangoja.

Analiuliza kila Ijumaa, sasa ni mwezi wa nne. Eppo varuvinga. Nililibeba neno hilo mdomoni mpaka Sharafiya, nikamwomba mhudumu wa ule mkahawa, ambaye naye ni Mtamil, anifasirie. Alikuwa anaweka glasi mezani. Alisema maana yake ni utakuja lini.

Glasi alizoweka zilikuwa tatu, na mimi nilikuwa peke yangu. Sikumuuliza. Kesho ni Ijumaa.